Kikombe Kimoja cha Mvua

Binti yangu anapanga safari kwa kidole. Juzi jioni tulikuwa mezani tunajadili Desemba twende wapi, yeye na simu yake, mimi na chai yangu, na kabla sijafika nusu kikombe alikuwa ameshaizunguka nchi nzima. Lodwar, jua kali. Mombasa, jua na kawingu kamoja. Marsabit, upepo. Alipofika Kericho akaanza kucheka. "Mama, kwenu hata simu imechoka! Imeweka mvua wiki nzima, saa nane, saa nane, saa nane." Nikamwambia mvua ya saa nane niliijua kabla watu wa simu hawajasikia kuna mahali panaitwa Kericho. Nikainuka nimletee kitu kutoka kabatini, aone sisi tulikuwa tunapanga safari kwa kitu gani. Nilipokishika, sikurudi mezani. Nilibaki nimesimama pale mlango wa kabati ukiwa wazi, mpaka akaniuliza kama niko sawa.

Ni glasi tu. Ndefu, nyembamba, ina mistari midogo ubavuni, na katikati imevaa raba bendi nyekundu ambayo imekauka mpaka ikagandana na kioo. Niliipata kwenye katoni pamoja na miwani ya Baba na Biblia yake, wiki moja baada ya kumzika, nikaificha nyuma ya vikombe vya wageni. Haina harufu yoyote. Lakini nilipoisogeza karibu na uso, haki ya Mungu, nilisikia majani mabichi ya chai yaliyolowa, na moshi wa kiwanda unaolala chini kwa sababu hewa imekuwa nzito.

Wenzangu mliokulia kambi za chai mnaijua ile mvua. Asubuhi dunia ilikuwa imeoshwa, kijani mpaka macho yanauma, wachumaji wameenea mlimani na vikapu mgongoni. Saa saba mawingu yakaanza kukutana juu ya msitu. Halafu ikaja, na ilikuja ikitembea. Ulianza kuisikia kilima cha tatu, ikinguruma juu ya majani, ikashuka bondeni, ikapanda upande wetu, na sisi darasani tukaanza kuhesabu kwa vidole chini ya dawati. Ikifika kwenye mabati, mwalimu aliweka chaki chini, akakunja mikono na kukaa, maana hakuna angemsikia tena. Siku za mvua ya mawe tulikimbilia dirishani kuona chai ikigeuka nyeupe. Nimeishi kwingi tangu wakati ule na sijaona kitu kingine kinachoweza kunyamazisha mwalimu, kiwanda na mbwa wote wa kambi kwa dakika moja.

Na Baba yangu ndiye alikuwa anaisoma. Yeye alikuwa karani wa shamba, mtu wa Kano, ile tambarare ya Wajaluo chini ya milima yetu, aliyepanda mlima kutafuta kazi na hakushuka tena, na nyuma ya ofisi yake palikuwa na kipande cha nyasi kilichozungushiwa waya. Ndani yake kulikuwa na sanduku jeupe la mbao lenye miguu minne, na kando yake kopo la shaba la kupimia mvua, lililozikwa nusu ardhini, mdomo wazi ukitazama juu. Kila siku saa tatu asubuhi, hata Jumapili, hata Krismasi, Baba alifungua kopo, akatoa chupa iliyokuwa ndani, akamimina maji kwenye glasi na kuiinua usawa wa jicho. Kisha alinyamaza. Sijaona mtu akinyamaza vile hata kanisani. Akishamaliza aliandika namba kwenye kitabu, akafunga geti la waya, na siku ikaruhusiwa kuendelea.

Nasema ikaruhusiwa kwa sababu hivyo ndivyo nilivyoelewa. Ukutani kwetu kulikuwa na ramani ya Kenya, kubwa kama mlango, na Baba alikuwa ameijaza penseli, mwezi kwa mwezi, wapi kunanyesha na wapi kumekauka, wapi barabara inapitika na wapi gari litalala njiani. Jumapili baada ya ibada watu walikuja kumuuliza kabla ya kupanga jambo lolote, harusi au safari. Kijana mmoja wa kiwandani alitaka kumpeleka mke wake Mombasa mwezi wa tano. Baba akamtazama juu ya miwani. "Mwezi wa tano? Unataka kumwonyesha bahari ama kumwonyesha matope? Ngoja wa nane, ama Januari kama nyinyi wawili mnapenda joto." Arap Rono, Mkipsigis mwenye pikapu ya maziwa, ambaye alikuwa rafiki ya Baba na hakuweza kuongea polepole, aliingia bila kubisha. "Chamgei, karani! Naenda Siongiroi Jumanne kuchukua ndama. Gari itafika?" Baba akaweka kidole kwenye ramani. "Kufika itafika. Kurudi ndio sijui."

Halafu kulikuwa na yule mwalimu wetu mgeni aliyepewa uhamisho Lodwar. Baba alimwambia abebe maji ya kunywa, na akamwambia jambo lingine ambalo lilinikaa kichwani. "Ukikuta mto mkavu, usilale ndani yake hata kama mchanga ni mzuri. Mvua ya huko inanyesha mahali huoni, halafu inakuja kukutafuta." Mwalimu akacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa chini ya meza, umri wa miaka tisa, nikiangalia viatu vya Baba, na nikawaza: huyu mtu anajua mvua inamtafuta nani.

Basi nikapanga mambo kichwani mwangu. Baba ndiye anayegawa mvua. Ile ya Mombasa anaigawa kwa penseli, na ile yetu anaiweka kwenye kopo. Glasi ikisema nyingi, ni nyingi. Ikisema kidogo, watu wanaanika nguo. Hakuna aliyenifundisha hivyo, lakini pia hakuna aliyenikataza, na nyinyi mnajua mtoto akishajenga nyumba kichwani inavyokuwa vigumu kumtoa ndani.

Sasa raba bendi. Mama yake Baba, tuliyemwita Dani kwa Kijaluo, aliishi Kano kwenye tambarare, mwendo wa kurusha jiwe kutoka mto Nyando. Miezi ya mvua ndefu, mto ule huvimba na kuingia majumbani. Baba alikuwa ameutazama miaka mingi na kujua jambo ambalo ofisi haikumtuma kulijua: jioni ambayo maji ya kopo yamepita alama fulani, kesho yake Kano inalala ndani ya maji. Kwenye alama hiyo ndipo alipovisha ile raba nyekundu. Kwa hiyo kila siku ya mwezi wa nne, saa kumi na mbili jioni, nje ya kazi yake, alienda tena kwenye kopo, akamimina, akatazama, na kuyarudisha maji yote kwenye chupa yangoje hesabu ya asubuhi. Kisha alimpigia simu Mzee Owuor, jirani ya Dani, maana Dani hakuwa na simu. Maji yakiwa yamepita raba, alisema, "Pandeni shuleni." Shule ya msingi ya pale imejengwa juu kidogo. Yakiwa chini ya raba, alisema, "Lala salama." Kijiji kizima kilikuwa kinangoja maneno hayo. Walimwita Karani, kwa heshima, na walipolitaja jina hilo hata watoto walinyamaza.

Sheria ile ilitubana na sisi. Maji yakipita raba, hakuna safari. Pasaka ya mwaka uliotangulia yalipita, tukafungua mabegi tukarudisha nguo. Mwezi wa nane Baba hakupata likizo. Na mimi nilikuwa na mbuzi Kano. Yawa, nilikuwa na mbuzi! Dani alinipa nikiwa mchanga, na wiki chache kabla ya Pasaka aliazima simu ya Owuor akapiga kelele kama anayeita mtu ng'ambo ya mto. "Akinyi nyathina, mtoto wangu! Mbuzi wako amezaa! Jike! Sijampa jina, nakungoja wewe. Usipokuja ataitwa Mbuzi hivyo hivyo." Nililala na jambo hilo kila siku. Katoto ka mbuzi kasiko na jina, kananingoja.

Safari ilipangwa Alhamisi kabla ya Ijumaa Kuu. Arap Rono alikuwa na shughuli Fort Ternan na angetushusha mpaka Kano, Mama angefuata akishapewa ruhusa kazini. Jumatano saa nane mvua ikaja, na haikuwa ya kawaida. Ilipiga mabati mpaka Mama akaziba masikio, mawe yakaruka uani, mtaro wa kambi ukafurika na kubeba ndala za watu. Ilipokoma, saa kumi na moja, nilijua. Yamepita raba. Nitafungua begi tena. Nilisimama mlangoni nikilia kwa hasira, halafu hasira ikanipa akili, kama ile ya watoto. Kama mvua iko ndani ya kopo, si mtu anaweza kuipunguza?

Nilichukua kikombe chetu cha bati, cha bluu, kilichomenyeka ukingoni. Geti la waya halikuwa na kufuli, maana nani angeiba mvua? Nilipiga magoti kwenye nyasi baridi, nikafungua kopo kama nilivyomwona Baba akifanya, nikatoa ile chupa kwa mikono miwili. Ilikuwa nzito. Nikajaza kikombe mpaka juu, nikamwaga nyasini, na nilipoona maji yanapotea kati ya majani nilisikia raha ambayo sijui niifananishe na nini. Nilikuwa nimeimwaga mvua. Mimi! Nikarudisha kila kitu mahali pake na kukimbia nyumbani kukunja nguo.

Saa kumi na mbili nilimfuata Baba kama mtu asiye na habari. Akamimina, akainua glasi. Maji yalisimama chini ya raba, vidole viwili hivi. Hakuandika wala hakusema neno. Aliitikisa kidogo, akaitazama tena, akatazama chai, akatazama mtaro uliokuwa bado unanguruma. "Mbona ilipiga kelele vile?" akajiuliza. Halafu akapata jibu lake mwenyewe. "Ni mawe. Yameruka nje ya kopo. Ilikuwa kelele kuliko maji." Akatabasamu, akanipiga kofi dogo la kichwa. "Wewe una bahati. Kesho tunaenda." Akatoa simu. "Owuor, ni mimi. Iko chini. Mwambie Mama nakuja kesho na mtoto. Lala salama."

Nilirukaruka mpaka nyumbani. Usiku ule nililala usingizi mtamu sana, na hilo ndilo limenisumbua kuliko mengine yote.

Tuliondoka alfajiri, Arap Rono kwenye usukani, Baba dirishani, mimi katikati na chupa ya mursik, yale maziwa ya mgando ya Wakipsigis, kati ya magoti, zawadi ya Rono kwa Dani. Chai ikaisha, mahindi yakaanza, hewa ikawa ya joto. Fort Ternan tulivuka reli, mashamba ya miwa yakaanza kuonekana chini, na Rono alikuwa anamtania Baba kuhusu tai aliyovaa kwenda kuona mama yake mzazi. Halafu barabara ikapinda, Kano yote ikafunguka mbele yetu, na Rono akaacha neno katikati.

Sikujua ni nini. Nilidhani ni ziwa limehama. Kuanzia chini ya vilima mpaka macho yanapoishia kulikuwa na maji ya kahawia, yametulia, yanang'aa, na ndani yake miti imesimama, na mabati ya nyumba yamekaa juu yake bila nyumba. Hakukuwa na sauti yoyote. Juu yetu anga lilikuwa safi kabisa, halina wingu hata moja. Nilitazama anga, nikatazama maji, nikatazama anga tena. Nilikuwa sijawahi kuona kitu kikubwa vile maishani, na kwa muda mfupi, Mungu anisamehe, niliona ni kizuri.

Baba alikuwa anapiga simu. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kila mara yule mama wa simu akasema mteja hapatikani. Akabonyeza tena.

"Baba, niliimwaga."

"Ulimwaga nini?"

"Mvua. Jana, kwa kopo. Nilichota kikombe kimoja nikamwaga kwa nyasi. Nilitaka iwe kidogo ndio tuje."

Rono alizima injini. Nilingoja kofi, na leo natamani angelinipiga. Baba alinigeukia. "Kikombe gani?"

"Kile cha bluu."

Alifunga macho, na midomo yake ikawa inasogea. Sikuelewa mpaka nilipokuwa mkubwa kwamba alikuwa anayarudisha maji yale kwenye glasi, kichwani, mstari kwa mstari. "Basi yalipita," akasema, si kwangu. "Yalipita mbali sana." Kisha akamgusa Rono begani. "Endesha, ndugu yangu."

Pikapu ilifika mahali barabara inazama, tukaendelea kwa trekta ya miwa iliyokuwa inavusha watu, mpaka shuleni. Varanda ilikuwa imejaa magodoro yaliyolowa, kuku, masufuria, watoto wamevaa nguo za watu wazima. Mzee Owuor alikuwa mtu wa mdomo hata siku za furaha. Alipomwona Baba alishuka ngazi, suruali yake matope mpaka kiunoni. "Huyu hapa! Karani! Si ulisema tulale? Tulilala, bwana. Tulilala mpaka maji yakatuamsha kitandani!"

"Mama yuko wapi?" Baba akauliza.

"Yuko ndani, yuko hai, na si kwa sababu yako. Kwanza niambie. Hiyo glasi yako si ina namba?"

Watu wote walikuwa wametugeukia. Baba alivua kofia. "Ina namba. Nilisoma vibaya. Kosa ni langu, mnisamehe."

Nilifungua mdomo. Mkono wa Baba ukashuka begani kwangu na kubana, na mdomo ukajifunga wenyewe.

Dani alikuwa darasani, ameketi juu ya dawati, amefunikwa blanketi la mtu mwingine, mguu mmoja umefungwa leso iliyojaa damu. Aliponiona alicheka, akafungua vifungo vya sweta yake, na kichwa kidogo cheusi kikachungulia nje. "Akinyi nyathina, njoo umwone mtu wako." Owuor alikuwa nyuma yetu, bado anafoka, na ndiye aliyetueleza. Dani alikuwa ameshatoka, maji yako kiunoni, watu wanashikana mikono kwenda shuleni, na akageuka. "Tukamwambia wacha mbuzi, wewe mama! Akasema huyu si wangu, ni wa mwenyewe, na mwenyewe anakuja kesho. Akarudi ndani. Ukuta ukamwangukia mguuni. Nilimvuta kwa kamba ya ng'ombe, nikimtukana njia nzima." Mbuzi mama, kuku, gunia la mahindi, kitanda, vyote vilikuwa vimekwenda.

"Sasa mpe jina," Dani akaniambia, akiniwekea kale katoto mikononi. Kalikuwa kanatetemeka na kana harufu ya matope. Watu walikuwa wamesimama mlangoni wakitutazama, na wote, hata Owuor, walitaka kitu kimoja cha kufurahia siku ile.

"Kikombe," nikasema.

Darasa zima likacheka. Kikombe! Mtoto wa mjini huyu! Dani alicheka mpaka akashika mguu wake. Baba peke yake hakucheka. Alitoka nje.

Nilimkuta ukingoni mwa maji, chini ya ngazi za shule. Nilikuja nimejiandaa kumwambia nitasema ukweli mbele ya watu wote. Lakini kabla sijaanza niliona kitu kinaelea karibu na kiatu chake, nikainama nikakiokota. Kilikuwa kijiti chenye majani matatu, kimekatwa kwa mshazari, safi, kama wanavyokata wanaopogoa chai. Kulikuwa na kingine. Na kingine. Ukitazama vizuri, ukingo mzima ulikuwa umejaa vijiti vya chai, na Kano hakuna aliyepanda chai hata shina moja. Niligeuka kutazama tulikotoka. Milima ilikuwa mbali, ya bluu, midogo, unaweza kuifunika kwa kiganja. Maji haya yalikuwa yetu. Ni ile mvua iliyopiga mabati yetu, iliyobeba ndala za kambi, ilitembea usiku kucha gizani bila mimi kujua, ikaja mpaka kitandani kwa Dani. Kopo la Baba lilikuwa limeionja tu. Hakuna mtu alikuwa anaigawa. Baba yangu alikuwa mtu mmoja mdogo mwenye glasi, amesimama mbele ya kitu kikubwa kiasi hicho, kila jioni, akijaribu kupiga simu kabla hakijafika.

"Baba, niache niwaambie ni mimi."

"Hapana."

"Lakini si ni mimi!"

"Najua ni wewe." Alichukua kile kijiti mkononi mwangu, akakitazama, akakirudisha majini. "Wewe utaolewa, utarudi hapa, utahitaji watu hawa. Mimi jina langu ni kubwa, litabeba. Lako bado linakua. Tumemaliza."

Na alimaliza kweli. Mama alipoambiwa, aliambiwa kwamba Baba alisoma vibaya. Wiki iliyofuata, saa kumi na mbili jioni, aliniita tukaenda pamoja kwenye kopo, akanipa glasi niishike mwenyewe, akanifundisha kusoma. Hakuweka kufuli kwenye lile geti.

Lakini Kano hawakumaliza. Dani alichechemea mpaka alipofariki, na hakuna siku alimlaumu mtoto wake, lakini mguu ulikuwa unasema kila alipopita. Baba aliendelea kupiga simu kila jioni ya mwezi wa nne, miaka yote mpaka alipostaafu, na wao wakawa wanajibu, "Sawa, Lala Salama, tumesikia," kisha wanatoka nje kutazama milima wenyewe. Hilo ndilo likawa jina lake. Karani ikafa siku ile. Kwenye harusi, kwenye michango, akiingia tu mtu alipaza sauti: "Lala Salama amefika, shikeni kuku zenu!" Watu walivunjika mbavu, naye alicheka pamoja nao, akaketi. Mimi nilikuwa natoka nje kila mara, nasingizia mtoto, nasingizia simu. Nilikuwa mtu mzima, mke wa mtu, jina langu lilishakua zamani, na bado nilinyamaza. Niliogopa, basi. Sina sababu nyingine ya kuwapa.

Tulimzika Kano mwezi wa pili, wakati hakuna mvua. Nadhani angeichagua tarehe ile yeye mwenyewe kwenye ramani yake. Kulikuwa na hema, viti vya plastiki, Arap Rono ameketi mstari wa mbele na fimbo yake, analia bila kuficha. Msema chochote alikuwa kijana wa pale ambaye hakuwa amezaliwa siku ya mafuriko. Akashika maikrofoni, akatazama jeneza, akasema, "Sasa leo ni kweli. Mzee, lala salama!" Na watu wakacheka, kile kicheko cha matanga kilichochanganyika na machozi, hawakumaanisha ubaya hata kidogo.

Sikumbuki nikisimama. Nakumbuka maikrofoni ilikuwa na joto la mkono wa yule kijana. Nikasema Baba hakusoma vibaya. Nikasema alisoma sawasawa kilichokuwa kwenye glasi, na kilichokuwa kwenye glasi nilikuwa nimekipunguza mimi, nikiwa na miaka tisa, kwa sababu nilitaka kuja kumpa mbuzi jina. Nikasema alijua kabla hajafika shuleni, na alisimama mbele yenu akavua kofia kwa ajili yangu, na mmemcheka tangu siku hiyo kwa kosa langu. Ulisikia turubai likipigwa na upepo.

Mzee Owuor alikuwa kwenye kiti karibu na jeneza. Macho yake yamekwisha siku hizi, lakini masikio na mdomo bado. "Ulimwaga kiasi gani?" akauliza.

"Kikombe kimoja, Mzee."

"Kama yule mbuzi," akasema polepole.

"Ndiyo. Kama yule mbuzi."

"Ukakimwaga wapi?"

"Nyasini. Kando ya kopo."

Akageuza uso upande wa milima, huko ambako hawezi tena kuona, na akatikisa kichwa. "Hicho pia kilitufikia," akasema. Kisha akatafuta fimbo yake, akasimama kwa taabu mbele ya jeneza, akakataa mkono wa mjukuu aliyetaka kumshika, na akavua kofia.

"Karani," akasema. "Tumesikia."